SANGARA, SUMU YA PAMBA NA UKUTA WA ULAYA: kanuni za mazingira zinamlinda nani?

Leo naomba tuongelee kitu ambacho ukikitaja kwenye kijiwe watu wanasinzia, ila kinaingia mfukoni mwa kila mtu anayeishi kuanzia Mwigobero hadi Guta. Kinaitwa vikwazo vya kiufundi vya biashara. Jina gumu, lakini mambo yenyewe tunayaishi.

Kwa lugha ya kijiweni: nchi inaweza kukuzuia usiuze kwake kwa njia mbili. Ya kwanza ni ushuru. Unafika mpakani, unaambiwa lipa asilimia kadhaa, mambo yanaisha. Ya pili ni karatasi. Unaambiwa samaki wako hajapimwa, kiwanda chako hakina sakafu ya aina fulani, maji uliyooshea hayajulikani yametoka wapi, nembo yako imekaa vibaya. Hapo hakuna anayekuambia "hatutaki mali yako". Wanakuambia tu "bado hujakidhi vigezo". Na wewe uliyepakia mzigo unabaki umekodoa macho.

Ushuru ulishaacha kuwa tatizo letu kubwa kwa Ulaya zamani sana. Samaki wetu walikuwa wanaingia huko bila ushuru chini ya mkataba wa Lomé, na tangu 2001 sisi nchi maskini kabisa tunaruhusiwa kuingiza karibu kila kitu bure isipokuwa silaha. Ushuru sifuri! Sasa kama mlango uko wazi hivyo, kwa nini mvuvi wa Majita amewahi kulala njaa na mtumbwi umejaa sangara? Hapo ndipo stori inapoanzia.

MIAKA MITATU YA KUFUNGIWA

Sangara siyo samaki wa asili wa ziwa letu. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 upande wa Uganda na Kenya, akawala furu karibu kuwamaliza, akatapakaa ziwa zima. Kufikia miaka ya 1990 kandokando ya ziwa kulikuwa na viwanda vya minofu Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, Homa Bay, Jinja, Entebbe. Minofu mibichi inapanda ndege, iliyogandishwa inapanda meli, mnunuzi mkubwa ni Umoja wa Ulaya. Vijana waliacha jembe. Mtu wa Bunda aliyekuwa analima pamba anaona bora ashuke ziwani, kwa sababu sangara analipwa papo hapo na pamba unasubiri.

Halafu 1997 ikafika.

Kwanza wakaja na salmonela. Hispania na Italia zilikuta vijidudu hivyo kwenye minofu, na April 1997 Ulaya ikaagiza kila mzigo wa sangara kutoka Kenya, Uganda na Tanzania upimwe. Hilo peke yake ni gharama na ni kuchelewa, na samaki mbichi hachelewi akabaki samaki.

Pili, kipindupindu. Mtakumbuka kusoma habari za mvua za El Niño za mwaka ule, zilizomwaga maji Afrika Mashariki nzima na kuleta kipindupindu. Desemba 1997, siku mbili kabla ya Krismasi, Tume ya Ulaya ikatoa uamuzi wa kuzuia samaki wabichi kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Ikaenda hivyo hadi katikati ya 1998.

Tatu, sumu. Machi 1999 upande wa Uganda zikatoka habari za watu kuugua na hata kufa kwa kula samaki waliovuliwa kwa sumu. Uganda yenyewe ikasimamisha kuuza nje kabla hata ya kusukumwa. April 1999 Ulaya ikazifungia na Kenya na Tanzania. Sisi na Uganda tulirudi sokoni mapema kidogo, Kenya ndiyo iliyosota zaidi, hadi kuelekea mwisho wa 2000. Kwa Uganda peke yake, makadirio yaliyotajwa sana ni hasara ya karibu dola milioni 37.

Hizo ni marufuku tatu ndani ya miaka mitatu. Watu wengi wanazichanganya wanaziita "ile ban ya samaki", kama vile ilikuwa kitu kimoja. Mimi nasema hapana, tuzitenganishe. Ukizichanganya utaishia kwenye mojawapo ya kambi mbili za watu wavivu wa kufikiri: ile inayosema wazungu wanatuonea tu, na ile inayosema wazungu wanajua kila kitu, sisi ni wachafu.

KIPINDUPINDU: HAPA TULIONEWA

Tuanze na hii ya pili maana ndiyo rahisi kuhukumu.

Kipindupindu kinaenezwa hasa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Vijidudu vyake havistahimili kupikwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na msimamo unaojulikana: hatari ya kupata kipindupindu kupitia chakula kinachouzwa kimataifa ipo kinadharia lakini ni ndogo, na nchi zitafute njia nyingine badala ya kupiga marufuku. Na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo lilisimama upande huo huo.

Sasa, kuna mkataba wa WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, ulioanza 1 Januari 1995, unaohusu hatua za kulinda afya ya watu, wanyama na mimea. Unaitwa SPS kwa kifupi. Una ndugu yake anayeitwa TBT, unaohusu viwango vya kiufundi kama vifungashio, nembo na namna bidhaa ilivyotengenezwa. Kanuni za mazingira huwa zinaangukia huku au kule kutegemea zinalenga nini. Mikataba yote miwili inasema jambo moja la msingi: una haki ya kujilinda, lakini usizuie biashara kuliko inavyohitajika. Kwenye SPS wanaongeza kwamba hatua yako iwe na ushahidi wa kisayansi, na kama ushahidi haujatosha unaweza kuweka hatua ya muda huku ukiendelea kutafuta.

Kwa kipimo hicho, marufuku ya Desemba 1997 ilikuwa na miguu dhaifu. Tanzania ililipeleka suala hilo kwenye kamati ya SPS mwaka 1998, na marufuku ikaondolewa mwaka huo huo. Wengi hawajui hilo. Tumezoea kusikia kwamba nchi yetu inakaa kimya kwenye mikutano ya Geneva. Safari hii ilisema.

Lakini ngoja. Kushinda hoja Geneva ni kitu kimoja, na kurudishiwa hasara ni kingine. Hakuna kifungu kinachosema aliyefungiwa miezi sita bila sababu nzuri alipwe fidia ya mafuta na nyavu alizokopa. Mwenye kiwanda alikuwa na minofu ya kugandisha kwenye ghala, na iliyogandishwa haikufungiwa kama mibichi, ilipimwa. Mvuvi alikuwa na nini? Hana jokofu, hana barafu yake mwenyewe, hana mnunuzi mwingine. Bei ya mwaloni ikishuka anashuka nayo.

Na siyo mvuvi tu. Kiwanda kisipokata minofu, mapanki nayo hayapatikani. (Mnaojua filamu ya Hubert Sauper ya 2004 iliyopigwa Mwanza, hadi Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006, mnajua mapanki ni nini: mgongo na kichwa kinachobaki mnofu ukishaondoka.) Akina mama wanaokaanga mapanki na kuyauza vijijini huwa hawatajwi kwenye ripoti yoyote ya biashara ya kimataifa, lakini barua ikiandikwa Brussels na wao karai linapoa.

SUMU: HAPA TUSIJIFANYE

Sasa hii ya 1999 ndiyo inayouma, kwa sababu hatuwezi kumsingizia mtu.

Kuvua kwa sumu kulikuwepo. Mtu anamwaga dawa ya kuua wadudu kwenye maji ya kina kifupi, samaki wanaelea, anaokota, anauza. Hana haja ya nyavu wala usiku mzima ziwani. Na dawa yenyewe anaitoa wapi? Hapa naomba watu wa Bunda mnisikilize vizuri. Mojawapo ya dawa zilizotajwa sana ziwa lote ni endosalfani, ambayo wakulima wengi waliijua kwa jina la Thiodan au Thionex. Ni dawa ya kupulizia pamba. Ukanda wetu wote wa pamba wa magharibi, Mwanza, Shinyanga na Mara, ni ukanda unaomwagilia mito inayoingia ziwani. Yaani kichupa kilichotoka kwenye shamba la pamba kilikuwa kinatembea kilomita chache tu kufika mwaloni.

Endosalfani haikuwa mbaya kwa sababu Ulaya wamesema. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa Stockholm wa kemikali zisizooza haraka, ili dunia nzima iachane nayo. Maana yake hata mkulima aliyekuwa anabeba bomba mgongoni bila glovu alikuwa anajiua taratibu.

Kwa hiyo 1999 Ulaya walipouliza "mnapima sumu kwenye samaki wenu?" jibu la ukweli lilikuwa: hatupimi. Hatukuwa na mpango wa kupima mabaki ya dawa kwenye samaki, maji na tope la ziwa. Siyo kwamba walithibitisha kila sangara wa Musoma ana sumu. Hapana. Walichosema ni kwamba sisi hatuwezi kuthibitisha hana. Hiyo ndiyo roho ya kikwazo cha kiufundi, wadau. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa muuzaji. Kama huna maabara, wewe ni mwenye hatia hadi utakapopata maabara.

Je, ni haki? Mimi nasema nusu nusu. Mama wa Madrid ana haki ya kutolisha mtoto wake sumu. Lakini mama wa Kyabakari naye ana haki hiyo hiyo, na cha ajabu hakuna mtu aliyesimamisha sangara asiuzwe Kyabakari. Samaki aliyekataliwa Ulaya alirudi soko la ndani kwa bei ya chini, watu wakafurahia kitoweo cha bei poa. Kama kweli alikuwa na sumu basi tuliila sisi. Kama hakuwa nayo, basi marufuku ilikuwa kubwa kuliko kosa. Moja kati ya hayo mawili ni kweli na yote mawili yanaudhi.

NINI KILIBADILIKA

Baada ya hapo mambo yalibadilika kweli, tusiseme uongo. Viwanda vilitengenezwa upya kufuata mfumo wa HACCP, ambao kwa kifupi unamaanisha badala ya kupima samaki mwishoni, unasimamia kila hatua ambapo uchafu unaweza kuingia. Ukuta wa vigae, maji yenye klorini, wafanyakazi na magwanda meupe na mabuti, jotoridi linaandikwa. Maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikasimama. Idara ya Uvuvi ikawa ndiyo mamlaka inayotambuliwa na Ulaya, yaani afisa wetu wenyewe ndiye anayegonga muhuri, siyo mzungu aliyetumwa. Sheria ya Uvuvi namba 22 ikapitishwa 2003. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vikaundwa kwenye mialo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994 na lina makao yake Jinja, likapata kazi ya kuziweka nchi tatu kwenye mstari mmoja.

Ukuta ulitujengea maabara. Sitaki kulikataa hilo.

Ila angalia ukuta umesimama wapi. Ndani ya geti la kiwanda pamekuwa Ulaya. Nje ya geti, mita chache tu, mambo ni yale yale: samaki anaburuzwa mchangani, maji ya kunawa ni ya ziwa, choo hakieleweki. Mialo michache ilichaguliwa kuwa mialo ya kupakia samaki wa kwenda viwandani, ikawekewa jengo, sakafu ya saruji na banda. Mingine iliachwa hivyo hivyo. Aliye kwenye mwalo usiokubalika lazima apitie kwa wakala mwenye boti ya barafu. Na wakala mwenye barafu ndiye mwenye bei. Kwa hiyo kanuni ya usafi, bila mtu yeyote kukusudia, ikamuongezea nguvu aliyekuwa tayari na nguvu.

Halafu kuna hili: gharama za kukidhi vigezo ni zile zile uwe mkubwa au mdogo. Sakafu ni sakafu. Kiwanda kikubwa kinagawa gharama kwenye tani nyingi, kidogo kinakufa. Ukisikia viwanda baadhi vya minofu hapa Musoma vimefungwa kwa kukosa samaki, usiishie kwenye "samaki wamepungua" tu. Wamepungua ndiyo. Lakini kiwanda chenye gharama nzito hakiwezi kusubiri samaki wachache hata wiki mbili.

Walipobanwa huku, watu walitafuta upenyo kule. Kuna kayabo, sangara wa chumvi anayekaushwa juani na kupelekwa Kongo, ambaye hakuna mtu anayemuuliza joto lake. Na kuna mabondo. Bondo ni lile puto la hewa tumboni mwa sangara, linaenda China na Hong Kong, na kwa uzito linazidi mnofu bei mbali kabisa. Ni kichekesho: mnofu umewekewa maabara na magwanda, pesa imehamia kwenye kiungo ambacho zamani kilikuwa hakina jina kubwa.

RULA

Hadi hapa nimeongelea kanuni za wenzetu. Tuje kwa zetu.

Serikali imekataza kokoro, imekataza nyavu za timba, imekataza sangara wa chini ya sentimita 50. Wakati wa ile operesheni ya 2018, chini ya waziri Luhaga Mpina, kulikuwa na kipimo cha chini sentimita 50 na cha juu 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Mitumbwi ilichomwa, nyavu zikachomwa, faini zikatembea. Juni 2018 maafisa waliingia na rula hadi kwenye kantini ya Bunge Dodoma wakapima samaki kwenye sahani, wakakuta ni wafupi, kantini ikapigwa faini ya shilingi laki tatu. Nchi nzima ilicheka. Wavuvi wa ziwa hawakucheka sana maana rula ile ile ilishapita kwao na moto.

Kisayansi kipimo kile kina mantiki, sibishani. Ukivua watoto, kesho huna ziwa. Na kiwanda nacho hakitaki samaki mdogo, mnofu wake hauna sura. Lakini tazama tena mzigo umekaa kwa nani. Wavu mbovu unatengenezwa kiwandani, unapita mpakani, unauzwa dukani kweupe, halafu anayekamatwa ni yule wa mwisho aliyeutia majini. Na huku sisi tunapima na rula, ziwa ni moja: samaki hana pasipoti. Kama Uganda na Kenya hawapimi siku hiyo, sangara wa sentimita 45 uliyemrudisha majini Kisorya anaweza kuishia kwenye sufuria ya Kisumu.

Kitu kingine ambacho hakiongelewi ni cha Butiama. Buhemba kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na dhahabu ya wachimbaji wadogo nchi hii inakamatwa kwa zebaki. Zebaki ikiingia kwenye maji inapanda kwenye samaki, na samaki mkubwa anayekula wenzake ndiye anayekusanya zaidi. Sangara ni mla wenzake namba moja. Ulaya wana kiwango cha zebaki kwenye samaki, kimeandikwa, kinapimwa. Tanzania imeridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki tangu 2020. Sisemi sangara wetu wana zebaki ya kuzidi kiwango, msininukuu vibaya. Nasema yale ya 1999 yalianza hivi hivi: kemikali ya sekta moja, mto mmoja, na sekta nyingine ndiyo iliyofungiwa. Mkulima wa pamba hakufungiwa pamba yake. Mchimbaji naye hatafungiwa dhahabu.

MAJIRANI NAO

Msidhani ukuta ni wa wazungu tu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mipakani. Ndani ya siku chache wakalegeza, kwa masharti: mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi kiwango, mfanyabiashara awe amesajiliwa. Sumukuvu ni kitu cha kweli, ilishaua watu Kenya na hapa kwetu. Lakini barua ya siku moja, bila taarifa, kwa nchi za jumuiya moja zenye sheria ya pamoja ya viwango tangu 2006? Aliyekuwa Sirari na lori lake siku ile alijifunza maana ya kikwazo cha kiufundi bila mwalimu.

Na sisi? Mwishoni mwa Oktoba 2017 tulichoma vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya pale Namanga, sababu ikatajwa kuwa mafua ya ndege. Mifuko ya plastiki Kenya walikataza Agosti 2017, sisi 1 Juni 2019, na hilo mimi nalipongeza, mitaro ya Mukendo imepumua. Ila hata hapo, mwenye kiwanda kidogo cha mifuko na mchuuzi aliyekuwa na stoo imejaa waliona kanuni ya mazingira kwa jicho tofauti na la kwangu.

Ninachotaka kusema ni kwamba kanuni inaweza kuwa ya kweli na ukuta kwa wakati mmoja. Swali la "ni mazingira au ni biashara?" mara nyingi ni swali baya. Maswali yanayonoga ni haya: taarifa ilitolewa mapema? Kuna muda wa kujipanga? Kipimo kinapatikana wapi, kwa shilingi ngapi? Na hatua ikionekana kuwa kubwa mno, inaondolewa haraka kiasi gani? Kwa maswali hayo kipindupindu 1997 kinafeli, sumu 1999 inapita kwa shida, mahindi 2021 yanafeli vibaya.

KINACHOKUJA

Wakati tunabishana na ya zamani, mapya yanakuja. Ulaya ilipitisha 2023 kanuni namba 1115 ya bidhaa zinazohusiana na ukataji misitu. Kahawa imo, kakao imo, ng'ombe na mbao zimo. Anayepeleka kahawa huko atatakiwa kuonyesha shamba lilipo kwa vipimo vya satelaiti na kwamba halikukatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu hata wenyewe Ulaya hawajajipanga. Ndugu zetu wa Tarime wenye kahawa miti mia mbili mia tatu nyuma ya nyumba, nani atawapimia? Kama ni chama cha msingi sawa. Kama ni mnunuzi mkubwa, basi ramani ya shamba lako inakuwa mali yake, na ukitaka kumuuzia mwingine mwakani unaanza upya. Ni yule wakala wa barafu amerudi, safari hii kashika simu.

Zipo pia nembo za hiari, ambazo serikali yoyote haikulazimishi. Mwaka 2009 sangara wa Bukoba walipata nembo ya Naturland ya Ujerumani, ya uvuvi endelevu. Hiari ni neno tamu. Kama maduka makubwa yakianza kudai nembo kabla ya kununua, hiari inabaki kwenye karatasi, na WTO hawana meno ya kutosha kwa duka la mtu binafsi.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nchi mwanachama wa WTO ikitaka kuleta kanuni mpya inayoweza kugusa biashara, inatakiwa kutoa taarifa kwanza na kuacha muda wa maoni, kawaida siku 60. Kwa upande wa viwango, ofisi ya kuulizia hapa kwetu ni TBS. Na tangu 2016 kuna ukurasa wa bure unaoitwa ePing. Unajiandikisha kwa barua pepe, unachagua bidhaa, mfano samaki au kahawa, unachagua na nchi unazotaka kufuatilia, halafu kila taarifa mpya inakuja kwenye boksi lako. Haihitaji kuwa waziri. Nusu saa ya cafe inatosha.

Kingereza chake ni kigumu, nakubali, ni cha kisheria. Lakini humu kuna watu wa kidato cha nne na cha sita kibao wanaokaa kwenye mashine wanasubiri matokeo ya mechi. Nimeshajiandikisha kwa samaki na kahawa. Kama kuna mtu wa Bunda anaweza kuchukua pamba na dawa za mashambani, na mmoja wa Butiama mahindi, niandikieni hapo chini. Na wa mialoni, nitajieni na bei: leo sangara kilo ni shilingi ngapi kwenu, na nani kaipanga?

Nawasilisha.